Kwani Mgawo Umerudi?

Asubuhi ya kumzika Bi Foibe nilikabidhiwa nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki: gauni la kitenge, kilemba, kandambili zilizolika kisigino cha upande mmoja, na miwani ambayo mkono wake ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi. Aliyenikabidhi ni binamu yangu Yona, ambaye siku hizi ana kitambi na sauti ya mwenyekiti wa kikao. "Utaanza wewe," alisema. "Mianzo ni kazi yako tangu zamani." Alitaka nicheke, nikashindwa. Nilikuwa nimeshafungua mfuko na harufu imeshanipiga usoni, mafuta ya nazi pamoja na zile tembe nyeupe zinazowekwa kabatini kufukuza wadudu. Nilitafuta pa kukaa nikakosa, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtu mzima mimi, mwenye watoto wanaojitegemea, nikawa na miaka kumi na moja tena, nimekumbatia karatasi ya sukari na sipati pumzi.

Kama wewe ni wa rika langu, huhitaji maelezo mengi. Tulikulia kwenye foleni. Tulikula yanga, ule ugali wa mahindi ya njano, tukaogea kipande cha sabuni ya kufulia kilichokatwa kwa uzi, na sukari ilikuwa ya mgawo, ikija mara chache na kuisha mapema. Halafu ghafla biashara ikawa ruksa. Sikumbuki mtu akitangaza. Nakumbuka tu kwamba duka moja la Mikumi, ambalo miaka yote lilikuwa na rafu tupu na mizani, siku moja liliamka na sabuni za rangi nne, na mimi nikasimama mlangoni nikizikodolea macho mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimetumwa au nimepotea.

Mama yangu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufungua belo la mitumba pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Siku ya belo kwetu ilikuwa sikukuu. Waya zilikatwa, nguo zikafumuka kama unga ulioumuka, na ile harufu ya tembe nyeupe ikajaa mpaka kwenye ugali wa jioni. Siku moja, katikati ya makoti ya watoto wa nchi zenye baridi, lilitoka boksi bapa. Juu yake alichorwa mtu aliyevaa nguo za chuma akipambana na joka lenye mabawa. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kiingereza, ramani ya nchi isiyokuwepo, na kijiwe chekundu cha plastiki chenye pande ishirini, kila upande na namba yake. Mama alilitikisa boksi, akasema halivaliki, akanipa mimi.

Likizo ilipofika nilipanda basi la Kilosa nikiwa nimelipakata boksi langu, nikala vumbi la njia nzima, nikashuka kwa Babu na Bibi, Magomeni ya pale Kilosa. Yona alikuwa akiishi pale. Alikuwa kidato cha kwanza na alikuwa na kamusi, mambo mawili ambayo hakuturuhusu kuyasahau. Alijifungia na kile kitabu siku tatu. Ya nne akatuita nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, mimi na Kabula.

Kabula alikuwa rafiki yangu wa likizo. Kwao ni Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, wakajenga pembezoni mwa mji. Alikuwa amewahi kumfukuza fisi zizini kwa kijiti cha kuswagia ndama, na tangu hapo hakuna kitu kilichomtisha. Mama yake hakupenda kuona mikono mitupu, kwa hiyo kila alikokwenda Kabula alibeba beseni la karanga za kubangua.

"Mmoja anasimulia," Yona alitutangazia, "wengine ni watu wa ndani ya hadithi. Msimulizi anasema mko wapi na kumetokea nini, halafu anawauliza, mnafanya nini? Mnajibu. Mkitaka kufanya jambo gumu mnarusha jiwe. Ishirini mmefaulu, moja mmekwisha."

"Nani anashinda?" aliuliza Kabula.

"Hakuna anayeshinda."

"Basi huo si mchezo. Hayo ni mazungumzo."

Yona alijifanya hakusikia, akajipa mwenyewe nafasi ya msimulizi. Boksi langu, jiwe langu, na mimi nikapewa kuwa mpishi wa jeshi. Alianza hivi: hapo zamani palikuwa na mfalme, mfalme akawaita mashujaa, mashujaa wakaja. Kabula aliendelea kubangua, ta, ta, ta. Mfalme akawapa upanga. Ta, ta, ta. Wakasafiri milima saba. Mwishowe Yona alikasirika, akafunua kitabu na kutusomea kwa kidole kwamba mwanzo ndiyo kila kitu, kwamba msimulizi asipowanasa wachezaji kwa maneno ya kwanza, hata awe na majoka kumi, hawaendi naye popote. "Sasa si unase?" Kabula akamwambia bila kuinua macho.

Hapo ndipo tulipokubaliana. Atakayeanza hadithi mpaka Kabula aache kubangua karanga, huyo ndiye Mwenye Jiwe, naye atalichukua liwe lake daima, hata kama boksi ni langu. Sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyolitaka lile jiwe. Nilijaribu joka lililotoka mto Mkondoa na kumeza stesheni nzima ya Kilosa. Kabula aliuliza joka hilo siku nyingine hula nini, kwa sababu stesheni haioti kila siku. Nilijaribu binti mfalme aliyegeuzwa chura. "Amuombe Mungu," alisema, ta, ta, ta. Yona naye alikuwa akijaribu, na alikuwa na kamusi.

Mtu wa hadithi yangu nilimpata barazani kwetu, ameketi kwenye kiti chake. Babu alikuwa gadi wa treni kabla ya kustaafu, yule wa kupeperusha bendera ya kijani na kupuliza filimbi ndipo treni iondoke. Kofia ya reli, koti zito la reli na filimbi alivitunza kama vyeti. Mguu wa kushoto aliuburuza, kwa sababu behewa liliwahi kuupitia. Kila siku saa nne Bibi alimletea chai ya maziwa, na kila siku alionja, akakunja uso, akatutazama mmoja mmoja kama tunaosafiri bila tiketi, akauliza, "Kwani mgawo umerudi?" Bibi alicheka kana kwamba anayasikia kwa mara ya kwanza, akaongeza kijiko. Aliwahi kuniambia kwamba miaka yote ya mgawo wenyewe Babu alikunywa chai bila sukari na hakulalamika hata siku moja. Alianza kulalamika sukari ilipojaa madukani. Mimi aliniita mke mdogo, na Bibi akamwonya kwamba huyo mke mdogo hajui hata kusonga ugali.

Katika nyumba hiyo ya amani alikuwa akiingia mtu mmoja niliyemchukia kwa moyo wangu wote, naye ni Bi Foibe. Alikuja kutoka upande wa Berega, kwao Babu, mama wa kanisani mwenye miwani na Biblia kwapani. Hakupiga hodi. Alipita moja kwa moja mpaka uani, akakamata kuku aliyempenda, akamfunga miguu, kisha akarudi barazani kumtukana Babu yangu. "Mzee wa bendera, bado hujafa tu? Hilo koti nalisubiri mimi." Babu alimjibu, "Nitakuzika wewe kwanza, mwizi wa kuku." Halafu alikaribishwa chakula! Mimi niliyefundishwa kumwamkia shikamoo hata mtu anayenizidi kwa mwaka mmoja, nilisimama pale nikisubiri mtu aite polisi. Nilipomuuliza Yona alisema wakubwa wana mambo yao, jibu la mtu ambaye naye hajui. Kwenye ile ramani ya nchi isiyokuwepo nilimchora Bi Foibe juu ya mlima kama mchawi, na kuku wake.

Basi siku moja, Yona amechoka, Kabula amefika nusu ya beseni, nikafumba macho nikaanza. Sikusema hapo zamani. Nilisema, "Mko msibani. Gadi mkuu wa ufalme amekufa. Mmelia mpaka mmechoka, jeneza lake liko hapo mbele yenu sebuleni. Nje mnasikia filimbi. Mlango unafunguka. Anaingia gadi mwenyewe, na kofia yake, na koti lake, anaburuza mguu wa kushoto. Anazunguka jeneza, anaketi kwenye kiti chake. Kuna kikombe cha chai mezani. Anaonja. Anakunja uso. Anawatazama mmoja mmoja, anauliza, kwani mgawo umerudi? Mnafanya nini?"

Nilifungua macho. Mkono wa Kabula ulikuwa hewani, karanga kati ya vidole, haijabanguliwa.

"Sasa," alisema polepole, "mle kwenye jeneza mna nini?"

Sikuwa na jibu, lakini nani alijali? Niliruka juu nikilishika jiwe langu. Na hapo hapo tukasikia kicheko kutoka barazani, kile kicheko cha Babu kilichokuwa kikiishia kwenye kikohozi. Alikuwa amesikia yote. "Mke mdogo! Umeniua, lakini walau umenirudisha na kofia yangu!" Bibi yeye hakucheka. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, unga bado unadondoka. "Uchuro gani huo? Unamchuria babu yako mchana kweupe?" Macho yake yalinitisha, kwa maana Bibi hakuwa mtu wa kukasirika. Babu akamwambia, "Mwache mtoto. Huyo anajua pa kuanzia." Maneno hayo ninayo mpaka leo, na kwa muda mrefu yalikuwa yakinichoma.

Siku nne baadaye sukari iliisha. Bibi alikuwa ameshaandaa chai, akanipa chombo na kuniambia nikimbie dukani. Babu aliniita nikiwa nashuka ngazi. "Kimbia, mke mdogo. Leo mgawo umerudi kweli." Nilikimbia kwenda. Kurudi sikukimbia. Pale dukani nilikuta watoto watatu wa mtaa, jiwe lilikuwa mfukoni, na mtu aliyelipata kwa jasho lake hawezi kupita watu watatu bila kulionyesha. Niliwasimulia mwanzo wangu wote, na filimbi, na mguu, na chai. Chombo nilikisahau juu ya kaunta, nikarudi na sukari ndani ya ile karatasi ya khaki iliyoviringishwa na kukunjwa juu. Nilikuwa bado najisifu moyoni nilipokata kona na kuisikia sauti ya Bibi.

Haikuwa sauti ya mtu. Sijui niiseme vipi. Wanawake wawili walinipita mbio, mmoja kiatu kimemtoka. Babu alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimelala begani kama anayesinzia, na mbele yake juu ya stuli chai ilikuwa imeshafanya utando. Haikuwa na sukari. Alikuwa akiningoja mimi. Nilisimama na ile karatasi mkononi na jambo la kwanza lililonijia, kabla ya huzuni, kabla ya kulia, lilikuwa maneno yangu mwenyewe yakipita moja moja: gadi amekufa, kuna kikombe cha chai. Nimemuua. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Tulisubiri siku mbili ndugu wa Berega wafike. Sikulia hata tone. Watu walinisifu, wakasema mtoto huyu ni jasiri, na mimi nikawaza wangejua. Karatasi ya sukari niliificha kifuani ndani ya gauni, nikala nayo, nikalala nayo. Asubuhi ya maziko Kabula alikuja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na beseni. Nilimweleza kila kitu. Hakuniambia kwamba ni upuuzi. Alifikiri, kisha akauliza, "Kitabu kinasemaje? Uliyemuua kwenye hadithi, unaweza kumrudisha?"

"Kwa jiwe. Ukipata ishirini."

Tulikwenda nyuma ya stoo ya mahindi. Nililibusu jiwe, nikalirusha. Liligonga ukuta, likadunda, likaviringika moja kwa moja na kutumbukia kwenye tundu la panya chini ya msingi. Tuliingiza mkono, tukaingiza kijiti, hatukulipata. Mpaka leo sijui lilionyesha namba gani.

"Ni ishirini," alisema Kabula.

"Umeonaje?"

"Sijaona. Lakini lazima iwe ishirini."

Sebuleni wanawake walikuwa wamekaa mikekani kulizunguka jeneza. Mchungaji alikuwa hajafika. Niliketi kwenye pembe, Kabula akanibana ubavuni. Nyimbo zilikuwa zimeisha na watu wameanza ule ukimya wa kuchoka. Nje, filimbi ikalia.

Mlango ukafunguka. Aliingia na koti lake, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, mguu wa kushoto ukikwaruza sakafu kama siku zote. Alizunguka jeneza bila kulitazama. Akaketi kwenye kiti chake. Kwenye stuli palikuwa na kikombe cha chai, sijui nani alikiweka. Akaonja. Akakunja uso. Akatutazama mmoja mmoja.

"Kwani mgawo umerudi?"

Na kilichofuata kilinishtua kuliko yeye mwenyewe: watu walicheka. Shangazi waliokuwa wamezimia asubuhi walicheka wakipigana mabega. Bibi, Bibi yangu, alijifunika uso kwa khanga na mabega yake yakatikisika. Mfu amerudi na hawa wanacheka! Nilitazama jeneza, lile swali la Kabula likanijia, mle mna nini, na nadhani hapo ndipo akili iliponitoka. Nilisikia mtu anapiga kelele. Kumbe ni mimi.

"Babu, nisamehe! Nilikuua kwenye hadithi yetu ya karanga, sikutaka ufe! Nilichelewa dukani, lakini sukari ninayo, hii hapa!" Nilikuwa nimeshamfikia, nimemng'ang'ania, uso wangu kifuani mwa koti. Kicheko kilikatika chumba kizima. Koti lilikuwa limelowa pale kifuani, la uvuguvugu, nikafikiri amejimwagia chai. Halafu nikavuta pumzi. Babu alinukia tumbaku. Huyu alinukia mafuta ya nazi na tembe za kabatini. Niliinua macho taratibu, na chini ya kofia nikaona sikio lililotobolewa, na juu ya pua alama mbili nyekundu za miwani iliyovuliwa.

Bi Foibe. Mchawi wa mlimani, ndani ya koti alilosema analisubiri. Nilitaka kupiga yowe kwamba ni mwizi. Angeweza kuvua kofia wakati ule. Mtu mwingine yeyote angeivua, akanibeba, akaniambia pole mwanangu. Yeye akakohoa kile kikohozi cha Babu, na kwa sauti ya Babu akasema:

"Wewe uniue mimi, mke mdogo? Behewa lenye shehena lilinipitia mguuni sikufa, uje uniue wewe na hadithi yako ya karanga? Mimi zamu yangu imekwisha. Nimekabidhi bendera. Nani alikwambia gadi anasubiri sukari ndipo treni iondoke?" Akageukia watu. "Mnamsikia? Hajui kusonga ugali, ataweza kuua mtu?" Mtu mmoja akacheka, halafu wawili. Akanigeukia tena, mkono wazi. "Haya, hiyo sukari iko wapi?"

Niliitoa kifuani. Ilikuwa imeshikana kwa jasho. Aliimenya karatasi, akalitumbukiza bonge zima kwenye kikombe, akakoroga kwa kidole, akanywa, akakunja uso mara ya pili. "Imezidi." Nyumba yote iliangua kicheko, na mimi, ambaye sikuwa nimelia siku mbili, nikalia mpaka nikatapika.

Baada ya maziko aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa amevaa nguo zake, miwani usoni. "Shikamoo," nilimwambia, kwa sababu ni lazima.

"Marahaba. Unanichukia?"

"Ndiyo."

"Vizuri, husemi uongo. Sasa sikiliza. Ukoo wangu na ukoo wa babu yako ni watani, tangu kabla ya hii reli. Kwenu wakifiwa, sisi tunachimba kaburi, tunabeba, na mmoja wetu anavaa nguo za marehemu anamwigiza, ili wenye msiba wasimfuate shimoni. Kwetu tukifiwa, mnakuja ninyi."

"Lakini ulikuwa unamtukana. Na kuku."

"Adui hamwambii mtu maneno yale, mjukuu wangu. Adui anakwambia habari za asubuhi."

Nilimsimulia mwanzo wangu, ule usio na hapo zamani, nikamuuliza ameyajuaje yale maneno. Alishangaa. "Ya mgawo? Nani Kilosa nzima hakuyajua? Mtani yeyote angemwigiza gadi hivyo. Mimi na wewe tumemwibia mtu mmoja." Akasimama, akajipangusa gauni, akakamata kuku aliyekuwa akipita. "Siku yangu ikifika, uje wewe. Na usinianzie na hapo zamani."

Nilimwahidi kwa kuitikia kwa kichwa tu, na kwa miaka mingi nilidhani nimeelewa kila kitu siku ile. Kabula, ambaye sasa ana wajukuu, bado hunipigia simu na kuniuliza kama nimepata jibu la mle kwenye jeneza. Mimi humjibu arushe jiwe.

Basi pale juu ya ndoo nilivaa gauni la Bi Foibe, nikafunga kilemba, nikaweka miwani na dunia ikawa ukungu. Mwanzo wangu nilikuwa nao tayari. Sikupiga hodi. Nilipitia uani, nikahangaika na kuku mpaka nikampata, nikaingia sebuleni naye kwapani, nikivuta zile kandambili kwa mwendo wake wa upande upande. Niliwatazama wafiwa kwa juu ya miwani. "Mbona kelele?" niliuliza kwa sauti yake. "Kafa nani hapa?"

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Binti yake mkubwa alipiga magoti kwa kucheka, akalala juu ya jeneza la mama yake akicheka. Niliketi kwenye kigoda chake, nikapewa chai, nikaendelea kuwatukana watu kwa majina. Sauti ilibaki yake, haikutetereka. Lakini nilihisi kitu kinapita chini ya miwani, kinashuka shavuni, kinakusanyika kidevuni na kudondoka, na sikuweza kukifuta kwa sababu Bi Foibe asingekifuta. Nilishtuka kama nilivyoshtuka siku ile filimbi ilipolia. Niliishusha mikono. Gauni lilikuwa limelowa kifuani, la uvuguvugu. Miaka yote ile nilikuwa nikiamini kwamba kwenye koti la Babu ilikuwa chai.

Katoto ka kike, kitukuu chake, kalikuwa kamesogea mpaka magotini pangu, kamekodoa macho, hakajui kama kakimbie au kabaki. Kalinyoosha kidole kakagusa pale palipolowa.

"Bibi, umejimwagia chai."

"Ndiyo," nilimwambia kwa sauti ya Bi Foibe. "Niletee nyingine, na usisahau sukari."